Majina Yaliyomtoroka Tereza

Tereza na mimi tulianza shule siku moja pale Mvumi, tumevaa magauni ya kitambaa kimoja kwa sababu mama zetu walinunua jora wakagawana. Mwalimu akadhani sisi ni pacha. Akatuuliza nani Kulwa, nani Doto. Tereza akamjibu, "Hapana mwalimu, sisi si pacha. Mimi ndiye mzuri."

Ndivyo alivyo tangu hapo, na ndivyo nitakavyomweleza. Siku hizi mtu akipata kiharusi watu huanza kumsimulia kuanzia kitandani, kana kwamba kabla ya kitanda hakuwahi kuishi. Tereza ameishi, tena kwa sauti.

Tulisoma mpaka darasa la saba. Msilidharau darasa la saba la wakati ule. Hesabu tulifanya kichwani, mito tuliijua kwa mpangilio, na mwandiko wetu ulilala upande mmoja kama uwele uliopigwa na upepo. Tereza alikuwa na cha ziada: kinywa. Ukimtuma kisimani alirudi na ndoo pamoja na habari za vijiji vya jirani, nani amezaa, nani amenuna, ng'ombe wa nani ameingia shamba la nani. Bibi yake alikuwa akisema, "Huyu akiolewa mbali, tutamsikia tu."

Akaolewa karibu, na Sila, kijana mpole wa kijiji cha pili. Lakini baba yake Sila aliitwa Masika, na hapo ndipo kinywa cha Tereza kilipofungiwa kamba.

Sijui kwa wengine. Katika ukoo ule mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala la shemeji mkubwa. Hata kama jina ni neno la kila siku, halipiti mdomoni. Unalizunguka, kama unavyozunguka mkeka aliolalia mzee. Ukiteleza, mawifi wanaguna, na pengine jioni mtu anakwenda kumkamata kuku wa kuombea radhi. Sasa baba mkwe ni Masika. Na shemeji mkubwa, jamani, aliitwa Jumanne.

Nilikuwa naye siku alipompeleka kliniki Hilda, mtoto wake wa kwanza. Nesi alikuwa mgeni, mwenyeji wa upande wa Moshi, msichana msafi mwenye haraka. Akauliza mtoto kazaliwa lini.

"Wakati wa matope," Tereza akasema.

"Matope gani?"

"Yale yanayoletwa na mvua kubwa, ukipanda uwele unaota."

"Yaani masika?"

"Umesema wewe."

"Haya. Siku gani?"

"Ile inayoifuata Jumatatu."

Nesi akaweka kalamu chini. "Mama, si ndiyo Jumanne hiyo?"

"Nesi," Tereza akamwambia taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale, "wewe una bahati sana. Hujaolewa kwetu."

Nilicheka mpaka nikatolewa nje ya chumba. Lakini huo ndio ulikuwa mwendo wake miaka yote ya ndoa. Wengine tuliokuwa na wakwe wenye majina magumu tulinyamaza, tukaonekana wake wenye adabu. Tereza hakunyamaza. Alizunguka, na katika kuzunguka akawa anasema zaidi ya tuliosema moja kwa moja. Mvua ya kwanza akiiita "ile ya baba," sote tulimwona mzee Masika anatembea juu ya mashamba na fimbo yake. Mzee mwenyewe alikuwa akijificha nyuma ya zizi amsikilize mkwewe anavyohangaika na siku za juma.

Alilima karanga na uwele, akazaa, akazika. Sila alitangulia mapema. Hilda alipopata nafasi ya chuo Morogoro alikuwa na mtoto mchanga, Frida, na baba wa mtoto hakuonekana. Hilda akataka kuiacha ile nafasi. Tereza akamnyang'anya mtoto mikononi. "Nenda kasome. Huyu niachie mimi, mgongo wangu haujachoka." Hilda akaenda, akasoma, leo yuko wizarani, ana nyumba yake Nzuguni. Frida akalelewa Mvumi na bibi yake mpaka akawa mwalimu wa watoto wadogo.

Basi, mwaka juzi, karanga zimeng'olewa na zinakauka juani, Tereza akainuka kwenda kuzigeuza, mguu wa kulia ukakataa. Wakamkimbiza hospitali. Alihudumiwa vizuri, na baada ya muda mguu ukarudi kwa msaada wa fimbo, mkono ukarudi, cheko likarudi. Yasiyorudi ni majina, ya watu na ya vitu vingi.

Hilda akamchukua Nzuguni, nami nikaenda kumwona. Niliingia sebuleni akanitazama, macho yakajaa maji, akapiga paja.

"Wewe!" akasema. "Wewe wa... wewe wa kitambaa changu!"

Nikamkumbatia. Hilda akanivuta kando, akaninong'oneza, "Mama Abeli, usije ukavunjika moyo. Hajui hata jina langu. Mimi mwanawe. Jana aliniita Kabati."

"Wewe ni mnene kidogo," nikamwambia ili acheke. Akacheka, lakini kidogo.

Nikakaa, nikamsikiliza rafiki yangu siku ile nzima. Alikuwa akisaidia jikoni. Akaniambia, "Nipe ule... ule wa kusongea." Nikampa mwiko. "Na kile... kile cha kupikia mlenda." Nikampa chungu. "Sasa toa lile la kupasulia kuni, watoto wasilichezee." Nikatoa shoka. Nikatega sikio. Jina la mwiko halikuwepo kichwani mwake, lakini alisema *ule*, hakusema kile. Jina la chungu halikuwepo, lakini alisema *kile*. Jina la shoka limepotea kabisa, na bado *lile* limekaa mahali pake limenyooka. Nikamjaribu mpaka jioni. Hakukosea. Nikageukia Kigogo, lugha ya kwetu, nako vilevile: majina yanamtoroka, viungo vya maneno vyote vizima.

Nikawaza hivi. Kwetu ukikutana na mtu njiani usiyemjua, humuulizi jina kwanza. Unamuuliza ni wa ukoo gani. Ukishajua ukoo, unajua utamkalisha wapi, utamtania au utamwamkia, utampa nyama gani. Jina litakuja baadaye, hata lisipokuja mtakula pamoja. Kumbe na maneno ni hivyohivyo. Kila neno lina ukoo wake, na Tereza alikuwa amesahau majina ya watu wote wa kijiji, lakini koo zao alizijua, na kila mmoja alimkalisha panapomstahili.

Nilimweleza hayo Debora, yule binti wa hospitali anayewafundisha wagonjwa kuongea upya. Nilidhani atanicheka. Akavuta kiti karibu.

"Bibi, ndivyo wataalamu wengi wanavyofikiri," akasema. "Kuna kumbukumbu ya namna ya 'jana nilikula nini', ndimo majina yanamokaa. Na kuna kumbukumbu ya namna ya kutembea, kusuka, kupiga ngoma. Huwezi kuieleza, mwili unaifanya tu. Kuunganisha maneno kuko huko. Kwa bibi Tereza, ile ya kwanza imepigwa, ya pili imesalimika."

"Kwa hiyo hajaharibika?"

"Hajaharibika hata kidogo. Sasa tunatafuta njia ya kupita pale palipobomoka."

"Njia anayo," nikasema. "Huyu aliolewa kwa mzee Masika."

Nikamsimulia habari ya nesi na Jumanne. Debora akacheka, halafu akaacha kucheka, akamgeukia Tereza. "Bibi! Ulikuwa unafanya hivyo kila siku?"

"Kila ile inayotoka jua na kuingia jua," Tereza akasema, na macho yake yalikuwa yale ya kwenye benchi la darasa la kwanza.

Tangu siku ile Debora akaacha kumlazimisha kutaja picha za kuku na kijiko. Akatuambia nyumbani tucheze mchezo wa kuzunguka. Tereza azunguke kitu, sisi tukikisie. Mwanaidi, jirani wa Hilda, mama mmoja wa Kondoa mwenye maneno mengi na pilau nzuri, alikuja kuazima upawa, akabaki kwenye mchezo mpaka mumewe akamfuata.

"Ile inayoongea ukutani kutwa nzima na haijawahi kunisalimia," Tereza akasema.

"Televisheni!"

"Yule mwenye sharubu anayelalia kiti cha wageni."

"Paka!" Frida akajibu.

"Shemeji yangu!" Mwanaidi akasema. "Bibi, umemjulia wapi shemeji yangu?"

Tulifurahi sana siku zile. Lakini hapo ndipo posa ya Frida ilipoingia, na furaha ikapata mtihani.

Kijana aliitwa Yotham, fundi umeme, watu wake wa Msalato. Kijana wa heshima, hilo sina neno. Wazee wake wakatuma habari kwamba wanakuja nyumbani kwa Hilda kumtaka binti rasmi. Nanyi mnajua inavyokuwa: binti anafichwa chumbani, wanatolewa wengine wamefunikwa kanga ili kuwachezesha wageni, na mwisho mlezi anasimama mbele ya watu anamwita binti mwenyewe, anatoka, anaulizwa kama anawajua wageni hawa na kama wapokelewe. Mlezi wa Frida ni Tereza. Hakuna mwingine.

Hilda akasema atakayemwita ni Erick, mdogo wake.

Tulikuwa jikoni, tunachambua mchele. Tereza akaacha ungo.

"Nani?"

"Erick, mama. Ni mjomba wake, hakuna ubaya."

"Yule... yule wa mwisho kutoka tumboni mwangu?" Tereza akasema. "Ndiye aniitie mtoto wangu? Alimbeba lini? Alimfuta lini yale ya puani?"

"Mama, sikiliza."

"Nasikiliza. Masikio hayakuugua."

Hilda akaketi chini kabisa, sketi yake ya kazini kwenye pumba. "Mama, jina la Frida halitoki. Umejaribu wiki nzima. Utasimama mbele ya watu wa Msalato, utatafuta, utatafuta, halafu watatazamana. Wakirudi watasema ukoo ule una mama aliyepotewa na akili. Mimi sitaki mtu akutazame hivyo. Nakuogopea wewe."

Hayakuwa maneno mabaya. Hata mimi nilikuwa nimeyawaza usiku. Mtu akimpenda mama yake hutaka kumkinga na upepo.

Tereza alikaa kimya, na kimya cha Tereza kinatisha kuliko kelele zake. Kisha akasema polepole, akichagua kila hatua, "Niogopee nikinyamaza. Siku ile nikikaa ndani, na mwingine akamwita, basi mimi nimekufa na hamjanizika."

Frida alikuwa mlangoni. Yule mtoto ana upole wa babu yake Sila, ila huo upole una mfupa. Akasema, "Mama, asiponiita bibi, mimi sitoki. Wageni watakula pilau ya mama Mwanaidi na watarudi kwao."

"Angalau watashiba," Mwanaidi akasema, lakini hakuna aliyecheka.

Hilda akainua mikono. "Haya. Fanyeni mazoezi basi."

Mazoezi yalikuwa vichekesho. Debora alikuwa ametufundisha kumpa Tereza mwanzo wa jina ili aukamate mkia. Mwanaidi akajitolea.

"Bibi, sema na mimi. Fri..."

"Fri..." Tereza akafumba macho, akajikaza, "...ji!"

"Siyo friji, bibi! Friji hatuiozi, tunaihitaji! Tena. Fri..."

"...ji."

"Hebu mwache," Frida akasema, akijifuta machozi ya kucheka. "Bibi, niite hata Friji, nitaitika."

"Wewe utaitika," Tereza akasema, naye akiwa hoi kwa kicheko. "Lakini wale watakuletea nyama ukaihifadhi."

Tukaacha jina. Nikamwambia, "Mwenzangu, usilifukuze. Ukilifukuza linakimbia. Likija lije, lisipokuja, wewe unajua kupita pembeni." Akaitikia kwa kichwa. Lakini nilimwona Hilda akimpigia Erick simu uani, kumwambia akae tayari.

Siku yenyewe ikafika, anga safi, upepo wa Nzuguni ukirusha vumbi na kupigapiga maturubai ya jirani. Wageni wakaja mchana. Mshenga wao alikuwa mzee Batholomeo, mrefu, kofia mkononi, msemaji wa kuzaliwa. Pamoja naye bibi yake Yotham, bibi Paulina, mwanamke mfupi mpana, aliyeshuka garini akilalamikia magoti yake kwa Kigogo kitamu cha zamani.

Wakaketi, wakanywa soda, wakasema wameona ua zuri kwenye boma hili. Tukawaambia maua yako mengi, watachagua wenyewe. Tukamtoa wa kwanza, amefunikwa kanga kuanzia utosini. Mzee Batholomeo akainama kumtazama miguu.

"Hapana," akasema. "Visigino hivi vimeona Uhuru."

"Na upara wako umewaona Wajerumani!" sauti ikatoka ndani ya kanga, na Mwanaidi akajifunua mwenyewe, nyumba nzima ikalipuka. Bibi Paulina alicheka mpaka akashikilia magoti yake yote mawili.

Tukamtoa wa pili, naye wakamkataa. Kisha mzee Batholomeo akasimama, akatulia. "Wakwe zetu, mchezo tumeucheza. Sasa tunamwomba mlezi. Aliyemlea ndiye atuitie, tumwone kwa sauti yake."

Hilda akamtazama Erick. Erick akainuka nusu, akamtazama mama yake, akaketi tena, akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Tereza alikuwa amesimama tayari. Fimbo mkono wa kushoto, gauni la kitenge cha zambarau, kichwa juu. Nilimwona anafungua kinywa kwa ujasiri wote alionao.

"Jembe!" akaita. "Jembe, njoo!"

Hilda akafumba macho. Mimi nikashika ukingo wa kiti changu.

Mzee Batholomeo akapangusa paji la uso. "Wakwe," akasema, "jembe tunalo nyumbani, tena zuri. Sisi tumekuja kwa mtu." Wageni wakacheka vizuri, wakidhani mchezo bado unaendelea.

Na Tereza akacheka nao! Alicheka kwanza, cheko lake lile la kisimani. Halafu akasogeza fimbo mbele, akaingia njia ya pembeni.

"Siyo hilo," akasema. "Hilo ni la kulimia. Ninayemtaka mimi halimi vizuri, mnisikie mapema, msije mkanirudishia."

"Tumesikia!" bibi Paulina akajibu.

"Ninamtaka yule niliyeachiwa akiwa mwekundu kama kitoto cha panya. Mama yake alikwenda kusoma. Mimi ndiye niliyemtuma, na leo ningemtuma tena."

Hilda akafungua macho.

"Ninamtaka yule aliyelala kwenye mgongo huu nikipalilia, akaniloweka, nami nikaendelea na mstari. Yule anayemwogopa mwenye kubadilika rangi juu ya tawi, na hamwogopi mwalimu. Yule aliyeketi kando ya kitanda changu kule kwa wenye makoti meupe, ananilisha uji, nami namwita kwa majina ya watu wote wa kwetu, wazima na wafu. Na kila jina nililomwita, aliitika."

Sasa hapakuwa na aliyecheka. Mzee Batholomeo alikuwa ameibana kofia yake kifuani.

"Huyo," Tereza akasema. "Kama yumo humu ndani, aje. Kama hayumo, nendeni nyumbani salama, maana sina mwingine wa kufanana naye."

"Abee, bibi!"

Hakutoka kwa mwendo wa biharusi, ule wa kunyata na kuinamisha kichwa. Alitoka mbio, kanga imemdondoka begani, akamfikia bibi yake akapiga magoti akamkumbatia miguu. Mwanaidi akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka Msalato, na kina bibi wa wageni wakakipokea.

Vigelegele vilipotulia, mzee Batholomeo akajikohoza. "Wakwe zangu," akasema, "nimeposa kwa watu wengi, lakini leo nimeona adabu ya zamani. Huyu mama hajataja jina hata moja. Nasi tunajua sababu. Binti amerithi jina la mkwe wa huyu mama, naye analitunza mpaka leo. Siku hizi nani anajua hayo? Wanawake wa sasa wanawaita wakwe zao kama wanaita kuku!"

Wageni wakanung'unika kwa kukubali. Hilda akanigeukia, uso wake umejaa nuru. Sifa ilikuwa imeanguka mapajani mwetu bure. Ingetosha kuipokea na kuleta chakula. Nilimwona anataka kusema, "Ahsanteni."

Tereza akainua mkono.

"Mzee," akasema, "usinipambe. Adabu ninayo, muulize mwenzangu pale. Lakini hii ya leo siyo. Huu ni ugonjwa. Ulinipiga hapa." Akagusa kichwa. "Majina yakatoroka. La huyu mtoto limo, nalisikia linatembea ndani, ila mlango haulifungukii. Sitaki mchukue mtoto wangu kwa kitu ambacho sicho."

Hapo ndipo lile jambo alilolihofia Hilda lilipokuja na kusimama katikati ya sebule, mchana, mbele ya watu wote. Watu wa Msalato walitazamana kweli. Mzee Batholomeo, msemaji wa kuzaliwa, akaigeuzageuza kofia yake.

Aliyesema ni bibi Paulina. Alijiinua kwenye kiti kwa kusukumwa na wawili, akaenda mpaka alipo Tereza, akasimama uso kwa uso naye, ingawa alimfikia kifuani.

"Na mimi magoti yangu yametoroka," akasema, "lakini nimekuja. Wewe majina yako yametoroka, na umemwita mtoto akaja. Sasa hapo kimepungua nini?"

"Hakijapungua," Tereza akasema.

"Basi. Nimewasikia walezi wengi wakiita 'Fulani, njoo.' Fulani anakuja, nasi hatujajua tumepewa nani. Leo mimi najua tumepewa nani. Hata kinyonga nitamfukuza mwenyewe uani, kwa magoti haya haya."

Frida, bado yuko chini, akaanza kucheka na kulia vikichanganyika. Wakamuuliza lile la kuulizwa: anawajua wageni hawa? Akasema anawajua. Wapokelewe? Akamtazama bibi yake kwanza, kisha Yotham, aliyekuwa amejibana kwenye kona anatoka jasho kama mtu aliyeshika waya wa umeme.

"Wapokelewe," akasema.

"Yule mwenye mabega ya kubebea magunia?" Tereza akauliza. "Haya. Nimekupa. Mtunze vizuri, na usimnyamazishe, ameshazoea nyumba yenye kelele."

Wanaume wakatoka uani na mambo yao ya mahari, sisi tukaleta pilau. Bibi Paulina alikataa kukaa meza ya wageni. Aliweka sahani yake kando ya Tereza, wakala pamoja. Naye akamuuliza, "Sasa mimi mkwe wako utaniitaje?"

"Wewe mfupi uliyekuja kuninyang'anya."

"Hilo refu sana kuliita kila siku."

"Nina nafasi," Tereza akasema. "Siendi popote."

Tereza akaanza kusimulia. Alianzia kule kule kwa mzee mwenye jina la matope, akaja kwenye siku inayoifuata Jumatatu, akaingia shambani na mtoto mgongoni, akipita pembeni ya kila jina kama mtu anayevuka korongo kwa kuchagua mawe, na kila alipopungukiwa bibi Paulina alimtupia neno, mara la kweli mara la utani. Akikosea, Tereza alimkaripia: "Siyo hilo! Ule, siyo kile!" Jua likashuka upande wa mjini. Dereva wa wageni akaja mlangoni, akajikohoza, akarudi. Akawasha gari. Akapiga honi kidogo, kwa adabu. Mzee Batholomeo akasimama na kofia yake, akatafuta namna ya kuaga, akakosa pa kuingilia.

Hilda alikuwa anakusanya sahani. Alitoka mpaka barazani na mikono yake yenye povu la sabuni.

"Kaka," akamwita dereva, "zima gari. Mama yangu anaongea."